Mtu Aliyeonja Bila Kumeza

Simu iliingia Jumatano asubuhi nikiwa kwa kinyozi wangu hapa Shinyanga mjini, shavu moja limenyolewa na la pili bado lina povu. Aliyepiga ni mpishi wa hoteli moja ya Geita, mwanamke mcheshi ambaye kwa kawaida hanisalimii kabla ya kunitania kuhusu kitambi changu. Safari hii hakunitania. "Mwandishi, yule mzee wa mvinyo ametutoka," alisema. "Wamemzika juzi kwao Didia." Nikamwuliza mbona haraka hivyo, mbona hatukuambiwa, na ibada ilifanyika wapi. Akasema, "Hakukuwa na ibada, kaka. Mchungaji hakwenda. Kwani hukujua kuwa alikuwa ametengwa?" Sikujua. Kwa msomaji asiyetoka katika makanisa ya namna hiyo, kutengwa ni adhabu nzito. Mwumini hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, na akifa kabla hajarudishwa kundini, kanisa halimziki. Wanamzika majirani, kwa majembe yao na kwa sala watakazozikumbuka. Nilimruhusu kinyozi amalizie shavu la pili, nikalipa, nikatoka nje, na kwa muda mrefu nilisimama pale barabarani nikipigiwa honi na bajaji bila kujua nilikuwa naelekea wapi.

Jina lake sitalitaja. Wasomaji wa Geita hawatalihitaji, na wa kwingineko halitawasaidia kitu. Nitakachosema ni kwamba nilimfahamu mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili nilimfahamu kwa kuwa alionja au aligusa kitu na kusema ukweli wake mbele ya watu ambao wangependa anyamaze. Mara ya kwanza nilikuwa kijana na yeye alikuwa karani wa kununua pamba katika chama cha msingi cha kule kwetu. Nilikwenda na mjomba wangu tukiwa na magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Karani yule alikuwa na tabia moja iliyowakera wakulima wote. Hakuridhika na pamba ya juu ya gunia. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono mpaka kwapani, akavuta konzi ya pamba kutoka tumboni mwa gunia, akaifinya, akainusa, akaiweka shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha alitangaza, safi au fifi, maana pamba kwetu ina madaraja hayo mawili tu. Ya mjomba alikaa nayo shavuni muda mrefu kidogo. "Baba, hii imelala na maji," akasema, wala hakushusha sauti. "Ya juu umeianika, ya katikati umeinywesha ipate uzito. Rudi nayo ukaianike yote." Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mjomba hakucheka, na njiani kurudi hakunisemesha hata neno moja. Mimi nilimchukia yule karani kwa ujinga wa ujana, ingawa maji yale niliyachota kisimani kwa mikono yangu mwenyewe.

Bei ya pamba ilipoporomoka na watu wengi kung'oa miche wakapanda mpunga na dengu, makarani nao walikosa kazi. Yeye alifanya kama wengi walivyofanya, akafuata dhahabu. Alikaa machimboni Rwamgasa miaka kadhaa, si chini ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, bali juu, akifanya kazi ya kuchoma. Wachimbaji wadogo wakishasaga mawe kwenye karasha na kuosha mchanga, humwaga zebaki ndani yake, na ile zebaki hukamata chembe za dhahabu na kufanya donge moja laini, la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa moto, zebaki hupaa kama moshi na dhahabu hubaki. Mchomaji mzuri ni yule asiyepoteza chembe, na huyu hakupoteza. Baadaye akahamia Geita mjini, akapanga chumba uani kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Asubuhi aliwachomea watu pale uani, na ikifika saa tano alioga, akavaa shati jeupe, akaenda kazini hotelini. Huko ndiko nilikomkuta kwa mara ya pili, miaka mingi baadaye, nilipokuwa nakwenda Geita kila mwezi kutafuta habari za safu hii. Nilimsalimia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," akaniangalia usoni, akasema, "Wewe ni wa yule mzee wa pamba ya maji." Nilicheka kwa aibu. Akaniletea chai.

Hoteli ile ilikuwa imepata mgeni wa kudumu, fundi wa mitambo Mwitaliano, mtu mfupi mwenye kelele nyingi. Alikuja na makasha ya mvinyo wa kwao na kuomba yahifadhiwe stoo, penye ubaridi. Alitafuta mtu wa kuyatunza, na meneja akamteua karani wetu kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hanywi. Hapo ndipo matatizo ya lugha yalipoanza. Mwitaliano alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba huu ni mvinyo mkavu. Wahudumu wakatazamana. Kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu? Sisi tunajua chai kavu, ile inayonywewa bila kitafunwa. Tunajua mtu mwenye macho makavu, asiyeona haya. Tunajua kuambiwa jambo kavukavu, bila kuzungushwa. Mpishi alidhani maana yake ni mvinyo unaonywewa bila nyama. Mwingine alidhani umepungua, akapendekeza uongezwe maji kidogo. Na wengi, baada ya kuonja, walikubaliana kuwa umechacha. Mvinyo waliowahi kuujua ni ule mtamu unaouzwa kwenye maduka ya mjini, na wale waliokulia Ushirombo, kwa Wakatoliki, waliijua divai ya padri ambayo nayo, kwa walivyoambiwa na waliobahatika, haina ukali. Huu wa Mwitaliano ulikuwa mwekundu wa kuiva na haukuwa na utamu hata chembe. Ulinukia jani la tumbaku lililoanikwa. Ukiuweka mdomoni, kwanza ulikuja uchachu wa ukwaju, kisha tunda fulani mithili ya zambarau, na mwishoni ulikuja ukakasi uliokamata fizi kama vile umetafuna ndizi mbichi.

Karani wetu alikuwa mtu wa kanisa lisilogusa pombe, na alipoambiwa kwamba mtunza mvinyo lazima auonje, aliomba siku tatu. Alipanda gari mpaka Didia akawaeleza wazee wa kanisa. Alinisimulia kikao kile kwa uso usiocheka, nami nilicheka mpaka machozi. Wazee walijadili mchana kutwa kama kuonja ni kunywa. Mmoja alisema pombe ikigusa ulimi imeshaingia. Mwingine akajibu kwamba basi na fundi gari anayevuta petroli kwa mpira naye anakunywa petroli. Mwishoni walimpa ruhusa kwa sharti moja, na aliliapia mbele yao akiwa amesimama: ataonja, hatameza. Alirudi Geita na kopo la maziwa ya unga lililooshwa vizuri, na tangu siku hiyo kopo lile lilikaa pembeni ya kaunta yake. Alimimina kidogo, akanusa, akauzungusha mdomoni, akatema kwenye kopo, akafuta midomo kwa leso, akatoa hukumu. Mwitaliano alifurahi mno. Huko kwao, alisema, wataalamu nao hutema. Karani hakuwa amejua kwamba huo ni utaalamu. Yeye alikuwa anashika kiapo chake.

Wateja wengine walielewa vingine kabisa. Wenye maduara na wanunuzi wa dhahabu walipomwona anaonja na kutema kabla ya kufungua chupa, hawakuwaza utaalamu wala kiapo. Kwetu Usukumani mzee akikutakia heri anaweza kukupulizia maji kutoka kinywani mwake, na mtu anayekwenda kushuka shimoni hupenda sana kutakiwa heri. Basi ikaenea kwamba mzee wa pale hotelini anatemea baraka. Nilikuwapo mchana mmoja alipoingia mwenye duara kutoka Rwamgasa, koti jipya na viatu vya matope, akaagiza chupa ambayo hakuwa na mpango wa kuinywa. "Mzee, utemee hapa hapa mezani," akasema, "mwamba wangu umekauka wiki ya tatu sasa." Karani akasimama wima na leso yake mkononi. "Kijana, mimi natema kwa sababu nimekatazwa kumeza. Baraka kamtafute mama yako." Mwenye duara akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba, wabeja sana," akaondoka ameridhika kabisa, akihesabu kwamba hayo ndiyo maneno ya baraka yenyewe. Chupa aliiacha mezani. Waliokuwa meza ya jirani waliichukua wakaichanganya na soda, na karani akageukia ukutani ili asishuhudie.

Jambo moja lilimsumbua sana kuhusu mvinyo ule, nalo halikuwa ukakasi. Mwitaliano alikuwa amemweleza kuwa haukutoka katika zabibu ya aina moja. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi, ina uchachu na ukaidi. Ya pili ni laini, inatiwa ili kuituliza ya kwanza. Ya tatu hutiwa kidogo tu kwa ajili ya rangi na ule ukavu wa mwisho. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuzamisha mkono kwenye magunia kutafuta kilichochanganywa hakuweza kulipokea jambo hilo kirahisi. "Mwandishi," aliniambia, "yaani huu umechakachuliwa. Ila umechakachuliwa kwa adabu." Tulibishana juu ya neno hilo kwa miezi. Nilimwambia kwamba kuchanganya kwa ufundi si kuchakachua. Siku moja alinikatisha, akageuza chupa na kunionyesha nyuma yake, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyasoma. Zabibu zote tatu zilikuwa zimetajwa pale, kila moja kwa jina lake. "Tofauti ni hii tu," alisema. "Huyu amechanganya na ameandika kwamba amechanganya. Mjomba wako hakuandika." Nilikerwa kidogo kwa ajili ya mjomba. Lakini alikuwa ameniambia ukweli, na kwa miaka mingi nimewanukulia watu maneno hayo kama yangu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kukwepa. Mwitaliano alimaliza mkataba akarudi kwao, hoteli ikaendelea kuagiza mvinyo kupitia Mwanza kwa sababu wanunuzi wa dhahabu walishauzoea, au walishazoea kuonekana nao. Kama miaka miwili iliyopita nilianza kuona mkono wa karani unatetemeka. Mwanzoni ni vidole tu, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Baadaye hata chupa ilikuwa inagonga ukingo wa glasi wakati wa kumimina, na siku moja alimwaga mvinyo kwenye shati la mgeni. Alikuwa anasahau meza. Alikuwa mkali kwa wenzake, yeye ambaye ukali wake ulikuwa wa maneno ya kweli tu. Fizi zake zilikuwa zimevimba. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana, uzee. Kisha akasema kitu ambacho nilikisikia vizuri na nikakipuuza: "Ila mvinyo siku hizi una ladha ya msumari. Hata maji yana ladha ya msumari." Nilitazama lile kopo lake, nikatazama ule mkono, nikajiambia kwamba nimeelewa. Mtu anayefanya kazi katikati ya chupa, mkono unatetemeka, anasahau, anagomba. Nani asiyejua hiyo ni nini? Niliporudi Shinyanga niliandika safu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanaikumbuka. Ilihusu ulevi makazini, na ilisomeka vizuri, nikisema mwenyewe. Katikati niliweka aya moja juu ya "mhudumu mmoja wa hoteli moja mjini Geita" ambaye mbele ya wageni hutema kwa madaha, lakini mkono wake unasema kinachoendelea stoo. Sikutaja jina. Sisi wa kazi hii tunaipenda sana kinga hiyo ya kutotaja jina. Tunadhani inatufanya waungwana. Geita nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeonja mvinyo na kuutema. Nilipokea pongezi nyingi wiki ile, nyingine kutoka kwa wachungaji. Mwenye hoteli alikata aya ile kwa mkasi, akamwita karani ofisini, akaiweka mezani. Hakumpa hata nafasi ya kumaliza mwezi. Na yeye, siku chache baadaye, alinitumia ujumbe wa simu ambao ninao mpaka leo: "Mwandishi, nimesoma. Umekosea kitu kimoja. Mimi simezi." Niliusoma nikiwa sokoni. Nilidhani ni maneno ya mlevi anayejitetea, kwa sababu walevi wote husema hivyo. Sikumjibu. Nimejiuliza tangu Jumatano kama ndani ya kalamu yangu hamkuwa pia na yule kijana aliyerudi nyumbani kwenye mkokoteni akiwa na mjomba aliyenuna. Sijui. Ningependa kusema hapana, lakini sijui.

Ijumaa nilikwenda Didia. Mjane wake alinipokea chini ya turubai ambalo lilikuwa bado halijashushwa, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wanaosha masufuria ya msibani. Nilimpa pole, nikamwita shemeji kama siku zote. Hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa, na ningeshukuru. Alinipa kiti, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya hospitali moja ya Mwanza. "Soma wewe unayejua kusoma," alisema. Ilikuwa barua ya daktari, ya miezi mitano nyuma. Mgonjwa alikuwa na zebaki nyingi mwilini, iliyokusanyika kwa miaka ya kuvuta moshi wake, na ndiyo iliyokuwa inamtetemesha mikono, kumvimbisha fizi, kumharibia kumbukumbu na kumtia ladha ya chuma mdomoni. Nilisoma mara mbili. Shemeji alikuwa ananitazama. "Alipoipata hiyo barua alifurahi," akasema. "Daktari anamwambia ugonjwa wake mkubwa, yeye anafurahi. Alisema, sasa wataamini. Akaipeleka kwa wazee wa kanisa. Wakamwambia barua ya daktari inasema ana zebaki, haisemi kwamba hanywi. Gazeti ndilo lililosema anakunywa. Wakamwambia kamlete mwandishi." Nikamwuliza mbona hakuniita. "Alisema alishakuandikia mara moja, na hukujibu. Alikuwa mtu wa kusema kitu mara moja, shemeji. Unamjua."

Naomba msomaji aelewe kilichokuwa kimepotea, maana mtu wa mjini anaweza kudhani ni kazi tu. Kazi aliisahau upesi. Alirudi kulima dengu na mikono yake ile ile, mbegu zikimdondoka ovyo. Kilichomla ni kwamba aliapa amesimama mbele ya watu waliomjua tangu utotoni, akakitunza kiapo chake katikati ya vishawishi vyote vya Geita kwa miaka, na sasa watu hao hao walimwona mwongo. Jumapili alikuwa anakwenda kanisani na kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa. Meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka nje, akasimama kwenye jua kali mpaka wenzake wamalize. Shemeji aliniambia kwamba katika miezi ya mwisho alishindwa kutembea peke yake, hivyo alikuwa anamshika mkono kumpeleka na anamshika mkono kumtoa nje. "Nilimwambia tubaki nyumbani," alisema. "Akasema, nikibaki nyumbani watasema nimekubali."

Nimeishi katika ukanda huu wa dhahabu na pamba maisha yangu yote, na naona aibu kwa jinsi tunavyojua machache juu ya kitu tunachokishika kila siku. Zebaki tunauziana ndani ya vichupa vya dawa. Tunaichoma uani, jikoni, kwenye kikaangio ambacho jioni kitapikiwa. Tunazungumza bei ya dhahabu tangu asubuhi, lakini mtu akianza kutetemeka tuna maelezo mawili tu mfukoni, pombe au kurogwa, na kila mmoja wetu anachagua lile linalomfaa. Mwenye hoteli alichagua pombe kwa sababu alikwishachoka na mhudumu mzee. Majirani wachache walichagua kurogwa. Mimi, msomi wao, mwenye simu yenye intaneti na namba za madaktari watatu, nilichagua pombe kwa sababu ilinipa aya nzuri. Nilichukua nilichokiona, mkono, nikakichanganya na nilichokidhani, stoo, nikavifunga pamoja kwenye gunia moja na kuwauzia kama pamba safi. Hakuna mahali nilipoandika kwamba nusu ya kile mnachokisoma ni dhana yangu.

Shemeji aliniomba jambo moja: niende mwenyewe kwa wazee wa kanisa. Nilikwenda naye Jumamosi. Walikuwa wazee watano kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, na mchungaji, na katibu mwenye daftari. Hawakuwa watu wabaya. Walinikaribisha kwa heshima, mmoja akanisifia safu zangu, jambo ambalo lilinichoma. Nikasoma barua ya daktari, nikaeleza. Mzee mmoja mwembamba, ambaye nilihisi ndiye aliyetoa ule mfano wa fundi gari na petroli, akaniuliza, "Wewe ulimwona akimeza?" Nikasema, "Hapana." "Hata siku moja?" "Hata siku moja." "Kuna aliyekuambia kwamba alimwona?" Nikasema hakuna. Mzee akatazama wenzake, akanitazama tena. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na kitu. "Sasa mwanangu, sisi tulikuamini kwa sababu gani?" Katibu aliniomba nirudie kwamba sikumwona, ili aandike vizuri, nami nikarudia polepole, neno moja moja, huku shemeji akiwa amekaa pembeni na kanga yake ameivuta mpaka machoni.

Jumapili walimrudisha kundini. Jina lake lilisomwa mbele ya watu, kisha kanisa zima likatoka na kwenda kaburini kwa miguu, wakaimba na kufanya ile ibada iliyokuwa imekosekana. Nilisimama nyuma kabisa. Baada ya sala shemeji alinijia, akanishukuru kwa kuja, na alikuwa anamaanisha. Kisha akasema, "Ila miezi yote ile ya kutoka nje, mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono." Akaniacha pale, akarudi kwa wenzake.

Tangu Jumapili watu wamenipigia simu na kuniandikia. Wanasema nimefanya jambo la kiungwana, kwamba si kila mwandishi anayeweza kusimama na kukiri. Nawaomba waache. Zile pongezi za kwanza nilizipokea, zikanifanya niende zangu bila kugeuka. Nikizipokea na hizi nitakuwa nimenufaika na mtu huyo mara mbili, alipochafuliwa na aliposafishwa. Ninachotaka mchukue kutoka hapa ni kidogo, na kinawahusu wote wenye midomo, si wenye kalamu peke yao. Unapomwona mtu anatetemeka, na moyoni mwako tayari umeshajua kwa nini, mwendee umwulize, ukae hapo mpaka akujibu. Mimi yule mtu alikuwa ananiletea chai. Alikuwa anasimama mbele yangu, hatua moja, kila mwezi, na sikumwuliza.